Bundi Sitini wa Bafuni

Nyumba aliyoipata Ruguru pale Makutano, mjini Meru, ilikuwa na kila alichomwomba Mungu, na bundi juu yake. Maji hayakatiki, jua linaingia sebuleni asubuhi, na shule ya chekechea anakofundisha iko hatua chache tu. Kasoro ni bafu. Mwenye nyumba, mzee Riungu, alizinunua taili zake, yaani vigae vya ukutani, kwa bei ya kutupa kutoka hoteli moja iliyofungwa, na aliyeichagulia hoteli hiyo taili sijui alikuwa na hasira na nani. Kila ya pili ilikuwa na picha ya bundi katikati, macho ya manjano, kucha nje, anamkodolea mtu akioga.

Ruguru mwenyewe, mzaliwa wa Kibugu kule Embu, si mwoga. Alikuwa ameshazoea hata kuwasalimu. Lakini Jumamosi mama mkwe wake, Mama Kinoti, alikuwa anakuja kutoka Mitunguu, na Jumatatu likizo ya uzazi ilikuwa inaisha. Masharti ya mama mkwe yalitolewa kwa simu bila kuzungushwa. Atakuja aone nyumba. Ikimpendeza, atakaa amlee mjukuu mpaka atambae. Isipompendeza, atambeba mtoto waende Mitunguu, na mama yake atakuwa akimwona wikendi. Kinoti, mume wa Ruguru, alijibu ndiyo kwa kila neno, maana ni shujaa kwa watu wote isipokuwa mamake.

Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Ruguru akiwaza kurudi jioni kwenye nyumba isiyo na kilio chake, alimpakata hata akiwa amelala.

Mama Kinoti ameokoka tangu zamani, na kanisani ndiye kiongozi wa akina mama. Lakini bundi ni bundi. Mwaka juzi mmoja alilia juu ya paa lake, naye akahamishia kitanda jikoni mwezi mzima, akisema eti ni kwa sababu ya joto. Mwanamke kama huyo hamwogeshi mjukuu wake wa kwanza mbele ya mabundi.

Ruguru alimwendea mzee Riungu. Akaambiwa hakuna kubomoa, hakuna kupiga msumari, hakuna rangi. Siku ya kuhama nyumba iachwe vile ilivyokutwa, na mabundi yake.

Mwalimu wa chekechea hashindwi na ukuta, akajiambia. Akakata maua ya karatasi ya manila, akayafunika kwa ile plastiki ya vitabu, akayabandika kwa gundi ya darasani. Bafu likapendeza kwa muda wa kuoga mara moja. Mvuke wa maji moto ulipopanda, maua yalianza kudondoka, na mabundi wakachungulia mmoja mmoja kama watoto waliochelewa shule.

Siku ya Jumatano mwalimu mwenzake, Angeline, akampa namba ya Kiunga, fundi wa stika anayepamba pikipiki za bodaboda. Ruguru akaingia bafuni, akasukuma mlango mpaka ukutani, akahesabu bundi sitini, kisha akapiga simu papo hapo.

"Nataka stika za tairi, sitini," akasema. "Nyeupe, na ua la samawati katikati. Upana inchi sita. Na zisitolewe na maji."

"Za mbele ama za nyuma?" Kiunga akauliza.

Ruguru akazitazama kuta za bafu lake. "Mbele, nyuma, na hata kando."

Kiunga akasema hiyo ni kazi poa sana, itafika Ijumaa.

Ijumaa saa sita mchana mzigo ukafika. Ruguru akaufungua mbio mbio, akapigwa na butwaa. Alikuwa akingoja stika za mraba. Hizi zilikuwa za duara kama sahani. Akampigia fundi simu, sauti juu.

"Madam, ulisema tairi," Kiunga akajitetea.

"Si ndiyo, nilisema tairi."

"Sasa tairi ya mraba umeiona wapi?"

"Kwa bafu yangu!"

Halafu Kiunga akaangua kicheko. "Aaah. Taili! Madam, wewe ni wa Embu?"

Na kweli. Mtu aliyelelewa kwa Kiembu, herufi ya L humpitia kando. Hata dadake Ruguru, Nelius, nyumbani ni Nerius. Fundi alikuwa amekaa siku mbili akimtengenezea maua ya magurudumu, akijiuliza mama huyu ana pikipiki ngapi.

Ruguru hakucheka. Jumamosi ilikuwa kesho, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hasira tu akachukua stika moja, akampachika bundi wa karibu usoni.

Bundi akapotea. Masikio, macho, kucha, vyote ndani ya duara. Likabaki ua la samawati, na taili ikiwa fremu yake. Ruguru akarudi nyuma hatua moja, akalitazama. Akajaribu ya pili. Akajikuta anacheka peke yake. Stika ya mraba isingependeza hivyo, na tena hii ilitengenezewa mvua na matope. Maji ya bafu yangeifanya nini?

Sasa hapo ndipo mngemwona. Mtoto mgongoni, leso imekazwa, wimbo mdomoni. Alisugua taili kwa sabuni, akapaka spiriti, akazikausha kwa kitambaa. Mistari ya katikati akaisugua kwa dawa ya meno na mswaki mzee mpaka ikawa nyeupe. Kila stika akaipitishia rula ya shule kutoa hewa. Akihama, Kiunga alimweleza, atazipasha moto kwa draya ya nywele, na zitabanduka bila kuacha alama. Kufikia saa kumi na moja stika ya sitini ilikuwa mahali pake, na Ruguru amesimama katikati ya maua, anatamani hata kumwita mzee Riungu aje aone wivu.

Kesho yake Mama Kinoti alifika na mkungu wa ndizi. Akambusu mjukuu, akakagua jikoni, akakagua vyumba. Kisha akaingia bafuni kunawa miguu, akafunga mlango.

Maji yakamwagika. Bomba likafungwa.

"Ruguru."

Ruguru akaingia. Mama mkwe alikuwa akinyooshea kidole ukuta wa nyuma ya mlango, chini ya bomba la kutundikia taulo, mahali ambapo hapaonekani mlango ukiwa wazi. Bundi wa sitini na moja alikuwa anawakodolea.

"Huyu mbona naoga naye?"

Ruguru hakuona faida ya kudanganya. Akaungama yote, hata tairi.

Mama Kinoti akageuka polepole, akitazama ua moja baada ya jingine. "Chini ya haya yote?"

"Yote, mama."

"Umewafunika sababu yangu?"

"Sababu ya mtoto asitoke hapa."

Mama mkwe alitoka. Ruguru akasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa, akajua mambo yameisha. Lakini mama alirudi na taulo lake la kijani. Akalitundika kwenye lile bomba, akalivuta chini mpaka bundi akafunikwa.

"Langu litakaa hapa," akasema. "Mtu asilitoe."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka atambae. Haya, nipe mtoto nimwogeshe."