Mazoezi ya Kumwinua Dancun

Usimwone Quinter anahema asubuhi katika ile nyumba yao ya ghorofani kule Mikindani ukadhani anatafuta kiuno cha kwendea harusini. Kiuno kitu gani! Mwanamke yule alikuwa anaogopa. Alilala na woga, akaamka nao, akanywa nao chai.

Mumewe, Dancun, alikuwa dereva wa malori ya makontena pale bandarini Kipevu mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kushoto ukafa ganzi. Ni mtu mrefu, mzito, apendaye heshima yake. Mara ya kwanza alipoanguka, chumbani, Quinter alivuta, akavuta, akashindwa. Miaka ya kukaa kwenye cherehani akishona sare za shule ilikuwa imempa mwili mkubwa usio na nguvu. Akapiga mayowe. Faki wa dukani akaja mbio na vijana wawili, wakamkuta mgonjwa sakafuni, shuka kule, yeye huku, utupu wake nje. Walimwinua kwa wema tu. Lakini walipotoka Dancun alilia, na kwa mdomo wake uliopinda akasema, "Usiniitie wanaume tena. Bora uniache hapohapo nife."

Quinter akaapa kwamba hataita mtu. Basi woga ukahamia nyumbani. Wenyewe husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakushika jembe wala hakuaga. Je, Dancun akianguka tena nami nikashindwa? Je, akianguka kifudifudi?

Mama yake, Mama Milcah, alikuwa amekuja kutoka Siaya kumsaidia, lakini msaada wake ulikuwa na mpaka. Kwao Wajaluo mama mkwe haingii chumba cha mume wa bintiye, sembuse kumwona hana nguo. Usicheke, kila watu na yao. Usiku alilala kwa mpwa wake nyumba ya chini, na mchana alikaa sebuleni akichambua mchicha na kumsalimu mkwewe kupitia ukutani.

"Umeamkaje, baba?"

"Salama, mama."

Basi, yakaishia hapo.

Siku waliyokwenda kliniki, yule mtaalamu wa viungo alimaliza kumnyoosha Dancun, kisha akamgeukia Quinter. "Mama, punguza mwili, ujenge miguu. La sivyo mtalala wawili." Maneno hayo yalimtisha Quinter kuliko kiharusi chenyewe. Jimu ya mjini angekwenda, mgonjwa amwachie nani? Akajitungia mazoezi yake humohumo ndani: kukaa na kuinuka kwenye kiti cha plastiki, kusukuma ukuta, kuinua mtungi wenye maji kidogo na kuongeza maji kila ulipozoeleka. Alipanda ngazi na kushuka akiwa na mkoba wa shule mgongoni, umejaa pakiti za unga, watoto wa jirani wakimwita Mama Unga. Chapati za jioni akaziacha, ugali akaukata nusu, sahani ikajaa mboga za soko la Kongowea. Moyo ulipodunda sana aliketi akajishika kifua: haya, leo ni mimi! Lakini kesho yake alirudi palepale, kwa kuwa woga wa kumwangusha mumewe ulikuwa mkubwa zaidi.

Na hapa acha nimseme kidogo, maana nikimsifu tu nitakuwa muongo. Akifika katikati ya kuinuka, pale mapaja yanapowaka moto, alikuwa akiiba. Mkono mmoja ulikwenda kuegemea meza ya cherehani. Nani ataniona? Mama Milcah alimwona, akaendelea na mchicha wake.

Madera yake yalianza kumpwaya. Akaanza hata kujiamini, maskini.

Asubuhi moja alikuwa akimwogesha Dancun, amemkalisha kwenye kiti bafuni. Akageuka kuchukua taulo mlangoni. Puu! Kiti kilikuwa kimeteleza kwa sabuni. Dancun alikuwa chini kifudifudi, amelalia mkono wa kulia, ule mzima, na uso wake umezama kwenye maji yaliyosimama juu ya tundu la kutolea maji lililoziba. Mapovu yalikuwa yakitoka puani.

"Mungu wangu! Dancun!"

Alimgeuza, hilo aliliweza. Dancun akakohoa, akatapika maji, macho yamemtoka pima. Quinter akachuchumaa nyuma yake, akampitisha mikono kwapani, akamkumbatia, akaanza kuinuka. Miguu ikakubali. Ikakubali mpaka katikati, palepale pa kila siku. Mapaja yakawaka, mkono ukataka meza, na meza haikuwepo. Akimwachia, kichwa kitapiga saruji. Akimshikilia, wataanguka wote wawili. Amwite Faki? Ameapa. Anyamaze? Atamuua mumewe kwa kiapo!

"Quinter!" mama yake aliita kutoka sebuleni. "Ameanguka?"

"Nimeshindwa, mama! Nimeshindwa!"

Mama Milcah akatokea mlangoni mwa bafu. Leso yake alikuwa ameifunga machoni, mafundo mawili kisogoni, na mikono yake ilikuwa ikipapasa hewani.

"Mkwe wangu, unisamehe. Mimi sina macho," akasema. "Quinter, miguu iko wapi?"

"Mbele yako, mama. Inama."

Akainama, akaikumbatia miguu ya mkwewe chini ya magoti, maji ya sabuni yakimrukia usoni. "Sasa usitafute meza," akamwambia bintiye. "Inuka!"

Wakainuka. Walimfikisha kitandani wakiyumba, na Mama Milcah akarudi kinyumenyume, akipapasa ukuta hadi sebuleni. Huko ndiko alikofungua leso.

Quinter alimfunika mumewe, asithubutu kumtazama. Dancun alikuwa ameelekea ukutani. Sasa Quinter aliogopa upya, kuliko kule bafuni. Mtu aliyetaka kufa kwa kuonwa na Faki, je, kwa kushikwa na mama mkwe? Na mama naye, si atafunga mzigo leo hii arudi Siaya kwa aibu?

"Quinter."

"Abee."

"Ile leso ya mama." Akameza mate. "Imelowa. Mpe nyingine kavu, asije akashikwa na baridi."

Sebuleni Mama Milcah alipenga kamasi kwa kishindo. Kisha akasalimu kupitia ukutani, kana kwamba siku ndiyo kwanza inaanza. "Umeamkaje, baba?"

"Salama, mama," akajibu Dancun. "Nimeamka."

Kesho yake Quinter alikivuta kile kiti mpaka katikati ya chumba, mbali na meza ya cherehani, mkono usipate pa kushika. Alikuwa bado anaogopa. Akakaa, akainuka.