Chetezo Ndani ya Gari la Ami Twalibu

Petroli ndiyo harufu ya utoto wangu. Baba alikuwa fundi wa magari kule Barani, Malindi, na nguo zake zilinuka petroli hata zikifuliwa mara tatu. Lakini mwaka ule wa miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka tisa, harufu iliyotutesa ilitoka kwenye gari la ami Twalibu, mdogo wake baba. Lilikuwa gari jekundu la michezo la viti viwili, zee lakini linang'aa, na ami alikuwa ameapa kumleta bi harusi wake kwa gari hilo kutoka Takaungu siku ya Ijumaa. Jumanne somo, yaani mama aliyemfunda bi harusi, akaja kuliona. Akaziba pua kwa buibui. "Mwari wangu nimemsinga manukato mwezi mzima, leo aje anuke kama pipa la mafuta? Hapandi ng'o!" Masikini ami, alikaribia kulia.

Baba akashinda chini ya gari siku mbili. Akabadilisha paipu, akasafisha kabureta, wapi! Tena yeye mwenyewe harufu hakuisikia. "Pua yangu ilikufa zamani, mama," aliniambia, maana nilikuwa na jina la mamake. "Hebu niazime yako." Basi nikanusa injini, nikanusa chini ya usukani, nikajiona fundi mkuu. Alhamisi tulipotoka kujaza tangi, kwenye kona ya kwanza harufu ikanijia kutoka nyuma ya viti. Nilipomwambia, baba alifurahi. Akasema anakwenda kuswali alasiri, akirudi tuangalie huko nyuma.

Mimi nikaona nina dawa ya haraka zaidi. Nikamfuata bibi, mamake baba, jikoni. "Bibi, kwa nini tusilifukize gari udi, kama nguo?" Bibi akaniona nina akili kweli. Akatia makaa na udi kwenye chetezo, nikamshikia mlango wa gari, naye akainama akiweke nyuma ya viti. Hapo baba akatokea. "Mama! Toa moto!" Akamnyang'anya chetezo, akakitupa mbali mchangani. Sikuwahi kumsikia akimpigia bibi kelele, si kabla si baada. Kisha akainua zulia la nyuma. Lilikuwa limelowa chepechepe. Mpira wa kupitishia petroli kwenye mdomo wa tangi, lililokuwa huko nyuma, ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali macho hayafiki, na gari likipinda petroli ikimwagika humo. Baba akaketi chini, akamshika bibi miguu kumwomba radhi. "Ni mimi na udi wangu," bibi akasema. "Nisamehe wewe." Hakunitaja.

Mpira ukabadilishwa, na Ijumaa bi harusi akapanda akinukia asumini. Bibi alishafariki. Magari ya siku hizi hayanuki kitu, na baba, aliyezeeka sasa, bado huwachekesha wageni kwa kisa cha mamake aliyetaka kumchomea ami gari. Kila mara nilinyamaza, na roho ikiniuma. Mwezi uliopita wageni walipoondoka nikamwambia, "Baba, udi ule ni mimi niliyemshauri bibi."

Akanitazama kwa upole. "Najua, mama. Mlango si uliushika wewe? Yeye alitaka nisijue, nikamwachia."