Akidor na Namba za Asubuhi

Akidor alikuwa fundi wa nguo karibu na soko la Isiolo, na sare nyingi za watoto wa mtaa wa Bula Pesa zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kudungwa na sindano hakukumtisha. Vidole vyake vilizoea. Kwa hiyo siku sista Gaceri wa kliniki ya wajawazito alipomtoboa kidole na kumwambia sukari imepanda, kidole hakikumuuma hata kidogo. Kilichouma kilikuwa kwingine.

"Ni sukari ya ujauzito," Gaceri alisema. "Inawapata wengi, na mara nyingi huisha ukishajifungua. Tutaifuatilia pamoja."

Akidor aliitikia kwa kichwa, lakini yaliyofuata hakuyasikia. Mawazo yake yalikuwa yamerudi miaka mitatu nyuma, kule Sericho, alikokuwa akiishi kwa wazazi wake wakati mimba yake ya pili ikikua. Kutoka huko alifika kliniki mara moja tu, maana safari ni ndefu. Mtoto alizaliwa mkubwa, mzuri, kichwa kimejaa nywele, na hakuwa na pumzi. Sasa alikumbuka chai ya maziwa aliyokunywa miezi ile yote, kikombe juu ya kikombe, sukari vijiko vinne. Ni mimi, alijiambia. Nilimuua mwanangu kwa chai.

Hakumwambia mtu. Mumewe, Ekuam, alilima mashamba ya umwagiliaji huko Rapsu na alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Kwa simu alimwambia tu kwamba kliniki imekwenda vizuri. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake Regina wa miaka saba, na Atabo, mama yake Ekuam. Atabo alimpenda mke wa mwanawe, na upendo wake aliuonyesha kwa uji. Kila jioni alimletea bakuli lenye sukari ya kutosha watu watatu.

"Kunywa, Mama Regina. Huyo mtoto anataka nguvu."

Akidor alikunywa nusu, na Atabo akigeuka, aliimwaga nusu iliyobaki nyuma ya nyumba. Kisha alilia, kwa sababu ya ile nusu aliyokunywa na kwa sababu ya ile aliyomwaga.

Kliniki ilimpa mashine ndogo ya kupimia na kadi ya kuandika namba kila asubuhi kabla ya kula. Gaceri alitaka ziwe chini ya tano nukta tatu. Siku ya kwanza alipata saba nukta nne. Ya pili, nane. Aliziangalia kama alama za mtoto aliyefeli mtihani. Siku ya tano aliandika tano nukta moja. Mashine ilikuwa imesema nane nukta tatu.

Aliendelea hivyo wiki mbili. Usingizi ulimtoka. Kazini alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, na mteja alipomuuliza kama anaumwa, alimjibu kwa ukali ambao haukuwa wake. Majirani walimwona amekonda usoni, wakanong'ona kwamba huenda ana ugonjwa mwingine. Aliacha kwenda kanisani ili asiulizwe.

Siku ya kurudi kliniki, Gaceri alisoma kadi, kisha akaomba kuiona mashine. Akidor hakujua kwamba mashine inakumbuka kila namba. Gaceri alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Akidor alisubiri kugombezwa. Alikuwa hata amelishika begi lake, tayari kuondoka.

Gaceri aliufunga mlango, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Sukari tutaiongea baadaye," alisema. "Wewe mwenyewe unaendeleaje? Moyoni?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akidor alifungua kinywa aseme yuko sawa, yakatoka yote: Sericho, mtoto, chai, uji uliomwagwa. Gaceri alimsikiliza mpaka mwisho bila kuangalia saa, ingawa nje foleni ilikuwa ndefu.

"Sitakudanganya," alisema. "Hatujui nini kilimchukua yule mtoto. Pengine sukari, pengine kitu kingine. Lakini sukari hii haiji kwa sababu mama ni mlafi. Mimba yenyewe inauchosha mwili, ukashindwa kuidhibiti sukari. Wewe ulikunywa chai kama mama yeyote, na hakuna aliyekuwa amekuambia. Hukuwa na makosa."

Akidor alilia tena, lakini safari hii kilio kilimpunguzia mzigo.

Gaceri alimweleza kwamba atahitaji dawa ya kujidunga, kisha akamwita mwanamke mmoja kutoka foleni. Jina lake Sadia, wa mtaa wa Kiwanjani, mwenye mimba ya miezi saba na sukari kama yake.

"Mimi sindano ya kwanza nilimkimbia sista mpaka getini," Sadia alisema, akicheka. "Nipe namba yako ya simu. Kila asubuhi nakupigia, unaniambia mashine imesema nini. Ya ukweli. Mimi pia nakuambia yangu."

Asubuhi iliyofuata simu ililia kabla ya chai.

"Salaam aleikum. Saba nukta mbili."

"Habari, Sadia. Saba nukta tisa."

"Basi tuko pamoja kwa shida," Sadia alisema, na Akidor akajikuta anacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Jioni hiyo alimkalisha Atabo chini, akamwambia kila kitu. Mama mkwe alilisogeza pembeni bakuli la uji.

"Na mimi nakuletea sukari kila siku," alisema. "Kwa nini ulibeba hiyo peke yako, mtoto wangu?"

Kuanzia kesho yake uji wa nyumba nzima ulipikwa bila sukari. Regina alilalamika siku tatu, akazoea. Ekuam alipoambiwa, alikuja kabla ya siku zake na gunia la mboga kutoka Rapsu, akatembea na mkewe kila jioni mpaka alipolazimika kurudi shambani. Namba zilishuka polepole. Siku nyingine zilipanda bila sababu, na Akidor aliziandika zilivyo.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini, kilo tatu nukta nne, akipiga kelele. Sukari ya mtoto ilikuwa chini kidogo, kwa hiyo manesi walimsimamia Akidor anyonyeshe mara kwa mara mpaka ikakaa sawa. Baada ya wiki sita walimpima mama: sukari yake imerudi chini, ila apimwe kila mwaka. Sadia alikuwa amejifungua salama wiki tano kabla yake.

Jumapili ya kutoa shukrani, Akidor alisimama mbele ya kanisa na mtoto mgongoni. Alikuwa amepanga kuwataja wote, Gaceri, Sadia, mama yake Ekuam, lakini maneno yalitoka machache.

"Nilikuwa najilaumu kwa mtoto aliyekufa," alisema. "Nilipougua nilijificha. Watu walinitafuta nilikojificha. Asanteni."

Atabo aliinuka kwenye benchi la nyuma, akaanzisha wimbo wa Kiturkana, na wanawake wakaupokea.