Mgeni Hafagii

Kombe la Dunia lilipokwisha, uvumi ulienea Durban kwamba sisi tuliotoka nje tutafukuzwa. Mwenye flati yetu ya Greyville alihofia madirisha yake yatavunjwa, akatutaka tuhame. Wazazi wetu walishafariki. Mimi mkubwa nilikuwa nimeacha shule nisuke nywele saluni, ili wadogo zangu wawili wasome. Mteja wangu mmoja, mama mzee wa Sydenham niliyemwita Anti, alinisikia nikisema itabidi niwagawe kwa watu wa kanisani.

"Walete kwangu kwanza," akasema.

Alitupa chumba cha mbele. Kesho yake alfajiri nikashika ufagio, maana kwetu Bukavu, Kongo, ukilala kwa watu, unaamka unafagia. Anti akaninyang'anya.

"Hapa mgeni hafagii."

Kuosha sahani pia alinikataza, hata kikombe changu mwenyewe. Kadiri alivyonihudumia ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, akawa ananicheka. "Yaya, mikono inakuwasha? Fagia basi hewa."

Jumapili moja, tukiwa mezani, nilimwomba Anti aniachie angalau mashuka niyafue. Akaweka kijiko chini. Alisema kitanda chetu kilinunuliwa na mama yake wakati wa vita vya Hitler. Askari Weusi walikuwa wakingojea meli hapa, na hoteli za ufukweni hazikuwapokea. Mama yake aliwachukua wawili wawili, akawapikia kari, na watoto wakahamia kulala jikoni.

"Jeshini hawakupewa bunduki," Anti akasema. "Walichimba mitaro, walibeba machela. Siku moja mmoja alimaliza kula, akainuka aoshe sufuria. Mama akamkalisha. Akamwambia, 'Huko wamekufanya boi. Humu ndani wewe ni mgeni.' Tangu hapo ndiyo desturi yetu."

"Lakini wale walikuwa na meli ya kupanda, Anti," nikasema. "Mgeni huondoka. Mimi sina pa kuwapeleka hawa."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye wali wake. Nilidhani nimemkosea.

Asubuhi nilipofungua mlango wa chumba, ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, na ndoo pembeni yake. Sauti ya Anti ikatoka jikoni:

"Usisahau ngazi za nyuma. Na huyo anayekucheka mwambie vyombo ni vyake."

Nilifagia nyumba nzima, nikafika mpaka getini.