Mazishi Saba Tuliyonunua Pamoja na Nyumba

Tulipoinunua nyumba ya Mafubira nilidhani nimeuliza kila swali. Nilitembea mipaka pamoja na majirani, mwenyekiti wa kijiji akapiga muhuri, mashahidi wakanywa soda. Wanawake waliogawa soda walinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Fedha nyingi zilikuwa za kiinua mgongo cha mama yangu, muuguzi mstaafu, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Aliacha Nkoma, kule Mbale, aje kuishi nami. Huko Nkoma, sufuria kubwa ya kikundi cha mazishi ilikaa jikoni mwake miaka mingi. Akipigiwa simu ya msiba, alikuwa ameshaitoa nje kabla hajauliza aliyefariki ni nani.

Wiki ya pili alikuja kiongozi wa kikundi cha mazishi cha pale, mjane wa askari magereza kutoka kaskazini. Mimi Kisoga, lugha ya pale, sikijui vizuri, yeye Kigisu chetu hakijui kabisa, kwa hiyo tuliongea Kiswahili alichokiokota kambini. Aliketi kizingitini, akafungua daftari. Aliyetuuzia, alieleza, hakulipa michango. Hilo lilikuwa dogo, nikailipa palepale. Lakini nyumba ilikuwa pia imekosa mazishi saba: haikuleta kuni, haikuchota maji, haikumenya ndizi. Kikundi chao huandika nyumba, hakiandiki mtu. Mtu huhama. Sasa kazi ile ilikuwa yetu.

Nilimweleza, kwa upole niliouona ni heshima, kwamba sisi ni watu wa mlimani na wafu wetu huzikwa nyumbani, upande wa Mbale. Hatungewasumbua.

Alifunga daftari. "Yule mwanaume alisema hivyo hivyo. Sawa, mtazika huko. Lakini nani atapakia nyinyi kwa gari?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini polepole.

Kifo chenyewe hakikumtisha. Alikuwa amekiosha na kukifunika maisha yake yote wodini. Alichoogopa ni kulazwa sebuleni na mimi peke yangu nikimshika miguu, nisiweze kumwinua. Hakuwahi kulisema hilo. Aliuliza tu, karibu kila asubuhi, yamebaki mangapi.

Basi nikaanza kuwalilia watu nisiowajua. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma. Bibi ambaye sura yake niliiona kwanza kwenye picha iliyoegemezwa juu ya jeneza. Mvuvi wa Masese aliyerudishwa maiti kwa dada yake. Nilibeba kuni, nikapuliza moto, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu wa ndizi hadi nikaona aibu kuvitandaza juu ya karatasi. Riwaya niliyokuwa nikiiandika ilikwama kwenye sura ileile, mhusika wangu amesimama mlangoni, na mimi sikuwa na nguvu ya kumkaribisha ndani.

Siku ya mazishi ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri na mgongo wangu ulikataa. Nikamwambia mama nitatuma gunia la mkaa kwa bodaboda, inatosha. Nilipotoka kuoga alikuwa barazani amevaa gomesi, gauni lake refu la heshima, kisu amekizungushia kitambaa, akimwagiza dereva wa boda aende taratibu kama amebeba mayai. Nilipanda nyuma yake, nimemshika kiuno. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomkumbuka.

Pale msibani aliketi juu ya majani ya migomba, akavuta mkungu, akaanza kumenya. Wanawake waligeuka wakatazama ile mikono. Ganda lilitoka refu, jembamba, bila nyama. Kiongozi akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki.

"Leo nyumba imeleta watu wawili," alisema. "Naandika mbili."

"Andika moja, mama," mama yangu akajibu. "Nyumba ni moja."

Nilikuwa nimeinama mekoni, kuni mbichi zikinitoa machozi ya moshi, na nilitamani sana mama yangu angenyamaza.

Kiongozi aliandika moja. Kisha akawaambia wenzake, bila kuinua kichwa, "Huyu, hata akifa leo tunabeba."

"Leo hapana," mama akasema. "Sijamaliza mkungu."

Walicheka, hata wafiwa. Nikapuliza moto tena. Yalibaki matatu.