Mzee Aliyenishikia Simu

Mie ni mwalimu, nimehamia Goba juzijuzi tu, lakini mdomo nimekuja nao mzima. Jumamosi iliyopita mtendaji wa kata aliitisha kikao cha wananchi kwa njia ya video, kila mtu atoe kero yake kupitia simu. Nikaona yangu niisemee palepale barabarani, kwenye shimo ambalo asubuhi ile lilimeza tairi la bajaji niliyopanda.

Nilimkuta mzee mmoja akitupia mawe shimoni. Nikampa shikamoo, nikamwomba anishikie simu nionekane vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Lete," akasema.

Zamu yangu ilipofika nilijimwaga. Nikasema mwenyekiti wetu wa mtaa sie tunamsikia jina tu, huku hajawahi kukanyaga.

"Sogea kushoto kidogo, shimo lionekane," mzee akanielekeza.

Kwenye simu watu wakaanza kucheka. Nikadhani nimewakuna, nikazidisha: nasikia ana kitambi cha kukaa kivulini. Mzee naye akacheka mpaka simu ikatikisika, nami nikazidi kupanda mori.

"Dada," mtendaji akanikatiza huku akijikaza asicheke, "sauti hiyo tunaifahamu. Hebu mwambie huyo anayekushikia simu ajigeuzie kamera."

Mzee akajigeuzia, akafuta jasho usoni.

"Habari zenu, wananchi," akasema. "Mwenyekiti wenu nipo. Ila dada yetu bado hajamaliza, tumwache aendelee."