Mtoto wa Miaka Tisa Amekubali Kosa Langu

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana wazazi wa kikundi chetu wengi wanasoma hapa. Majina ya watoto nimebadilisha.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, naishi Tuwan, Kitale. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Nikingoja kuitwa chuo, nilianza kujitolea kwa skauti wadogo wa mtaa wetu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Watoto wananiita Dada Kimya, na kiongozi wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, hupenda kunitania, "Huyu sauti yake aliacha nyumbani." Lakini nawapenda hao watoto, na wao wananipenda.

Wiki tatu zilizopita tulienda kambi Bungoma, kwenye uwanja wa shule fulani. Mwalimu alitaka watoto wavuke mtaro mkavu kwa daraja la kamba: kamba moja ya kukanyaga, nyingine juu ya kushika. Alifunga ile ya chini, kisha akaniambia nifunge ya juu kwenye mti. Alikuwa ametufundisha fundo lake, lakini nilikuwa nimelisahau. Alikuwa anaongea na wageni, nikaona haya kwenda kuuliza mbele yao. Nikafunga vile tunavyofunga ng'ombe nyumbani, ukiacha kitanzi ili ukivuta ncha moja tu kamba ifunguke. Nilivuta mara mbili, ikashika. Nikarudi kwa watoto bila kumwambia Mwalimu.

Watoto watano walivuka salama. Wa sita alikuwa Baraka, miaka kumi. Alipofika katikati aliegemea nyuma kwa nguvu akicheka, nami nikaona kile kitanzi kikiteleza. Alianguka mtaroni na kuvunjika mkono. Hata sasa nikifumba macho nausikia ule mlio wa mfupa.

Mwalimu alikimbia kwenye mti. Fundo kama lile likiachia halibakishi kitu, kamba inabaki imenyooka tu. Akasema, "Hii haijakatika. Hii imefunguliwa na mtu." Aliyekuwa karibu na mti ni Nekesa, miaka tisa, akingoja zamu yake. Mimi nilimwona. Alikuwa ameinama anafunga kiatu. Hakugusa kamba.

Walimuuliza yeye. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nekesa alikataa, akalia, akakataa tena. Baadaye akasema, "Ni mimi."

Tangu siku hiyo akipita mtaani wenzake wanampigia kelele, "Fungua kamba! Fungua kamba!" Hata mama yangu alisema tukila, "Huyo mtoto amezidi bana, ati anafungua kamba na mwenzake ako juu!" Niliinuka nikaanza kuondoa sahani.

Nilimtafuta Nekesa kisimani. Nikamuuliza mbona alikubali.

"Dada, si walikuwa wanauliza tu, wanauliza tu. Nikachoka."

"Kwani ulifungua?"

Aliangalia mtungi wake. "Sijui. Pengine nilifungua."

Jamani, huyo mtoto sasa anaanza kuamini. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Nilimsaidia tu kubeba maji.

Kinachonitisha zaidi ni baba ya Baraka. Aliandika kwenye grupu ya wazazi: "Kwa kuwa ni mtoto, nimesamehe. Angekuwa mtu mzima, tungeonana kituo cha polisi." Mimi nilitimiza miaka kumi na minane siku chache tu kabla ya kambi. Kila pikipiki ikisimama nje ya lango letu nakimbilia dirishani nikidhani polisi wamekuja kunichukua. Sili vizuri. Mama anafikiri ni malaria. Amenilea peke yake, na anawaambia watu wa kanisani kwamba binti yake anafundisha watoto wa watu. Nikishikwa, atapita wapi?

Halafu jana Mwalimu alinipigia simu. Wameamua Nekesa atavuliwa skafu yake ya skauti mbele ya wenzake wote na kutolewa kikundini, Jumamosi hii saa nane.

Akasema, "Wewe ndiye dada yao. Hao watoto wanakusikia. Wewe ndiye utamvua."

Nikajibu, "Sawa, Mwalimu."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno niliyotoa. Sijui kwa nini siwezi kufungua kinywa. Nimeandika ujumbe kwa Mwalimu mara nne na kufuta. Mnaojua sheria, nikisema ukweli nitafungwa? Nianze kumwambia nani, mama, Mwalimu, au yule baba? Tafadhali msinitukane, niambieni tu la kufanya, na mniambie haraka. Leo ni Alhamisi, na asubuhi hii Nekesa amepita kwetu kuniuliza kama Jumamosi nitasimama karibu naye.